Granuloma ya jua

Granuloma ya jua (pia: granuloma ya O'Brien) ni ugonjwa wa ngozi wa nadra ambao seli za kinga za mwili humeza na kuvunja nyuzi nyumbufu za ngozi. Hauambukizi wala si saratani. Ulielezwa na O'Brien huko Australia mwaka 1975.

== Jinsi unavyotokea ==

Nyuzi nyumbufu zimeundwa hasa na protini ya elastini. Ndizo zinazoirudisha ngozi mahali pake baada ya kuvutwa. Mionzi ya jua ya miaka mingi huziharibu. Inadhaniwa kwamba seli za kinga huziona nyuzi hizo kama kitu kigeni. Makrofaji hukusanyika, baadhi yake huungana kuwa seli kubwa zenye viini vingi, kisha humeza vipande vya nyuzi na kuviyeyusha kwa vimeng'enya.

== Dalili na utambuzi ==

Mabaka ya mviringo, yenye ukingo ulioinuka, hutokea usoni, shingoni, kifuani juu na mikononi. Hupanuka polepole. Mapigano hufanyika ukingoni. Katikati nyuzi zimekwisha.

Mabaka hayo hufanana na choa au ukoma. Dawa ya fangasi haiyasaidii. Katika ukoma baka mara nyingi hufa ganzi, lakini hapa mgonjwa huendelea kuhisi mguso. Uthibitisho hupatikana kwa kupima kipande kidogo cha ngozi kwa darubini. Baadhi ya wagonjwa hukutwa pia na kisukari.

== Jua la nyanda za juu ==

Mji wa Karatu uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro hupita mita 2,200. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, tena maeneo hayo yako karibu na ikweta. Baridi na ukungu huficha ukali huo, hivyo mkulima au mfugaji huweza kuumizwa na jua bila kuhisi joto. Melanini hukinga ngozi nyeusi kwa kiasi kikubwa. Watu wenye ualbino hawana kinga hiyo.

== Tiba ==

Mara nyingi mabaka hupona yenyewe baada ya miezi au miaka. Hutumika krimu za steroidi, kofia pana na nguo za mikono mirefu. Wataalamu wa ngozi wa kanda hiyo hufundishwa katika kituo cha KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992.