Je, Wajua? Mahabusu Bado Si Mfungwa

Mtu akikamatwa Mchukwi, wilayani Kibiti, asubuhi, jioni watu wa mtaani tayari wanasema "kafungwa". Hajafungwa. Kati ya pingu na hukumu kuna lokapu, kizimba, karandinga na rumande, na kila hatua ina kanuni zake. Haya ni baadhi ya mambo ambayo wengi wetu hatuyajui mpaka yatufike mlangoni.

Katiba inamlinda aliye rumande

Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika. Aya ya (e) ya ibara hiyo hiyo inakataza mateso, adhabu za kinyama na kutwezwa. Kwa hiyo mahabusu anazuiliwa ili asikose kufika mahakamani au asivuruge ushahidi. Haadhibiwi, maana bado hakuna cha kuadhibu.

Saa 24, na maji kupwa

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inasema kwamba mtu akikamatwa bila hati, na ikaonekana hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa likiwa zito. Anayeendelea kushikiliwa lazima afikishwe mahakamani mapema kadiri inavyowezekana.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito wake Wilaya ya Kibiti. Kutoka Mchukwi hadi Kibiti mjini ni safari ya gari. Lakini aliyekamatwa Kiongoroni, Maparoni au Salale, ndani ya delta ya Rufiji, anasafiri kwa boti kwenye mito ya mikoko, na boti inafuata maji. Yakipwa, inakaa matopeni mpaka yajae tena. Ni vigumu kumlaumu askari kwa hilo. Lakini mtu akishafika kituoni, bahari haiwezi tena kuwa sababu ya kumweka ndani siku ya tatu bila mashtaka.

Mahojiano nayo yana saa zake

Sheria hiyo hiyo inampa askari saa nne za kumhoji mtuhumiwa tangu anapokuwa chini ya ulinzi. Zinaweza kuongezwa, ila kwa utaratibu uliowekwa. Muda wa kumsafirisha kwenda kituoni hauhesabiwi, jambo linalomgusa hasa mtu wa visiwani. Maelezo yaliyoandikwa nje ya muda huo yanaweza kukataliwa na mahakama, na kesi nzima ikayumba kwa sababu ya saa ya ukutani.

Mkuu wa wilaya anaweza kukuweka ndani, lakini si kwa kupenda

Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawaruhusu wakuu wa mikoa na wilaya kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa kwa muda usiozidi saa 48, pale anapohatarisha amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Sababu lazima ziandikwe. Saa 48 zikipita bila kufikishwa mahakamani, aachiwe, na haruhusiwi kukamatwa tena kwa sababu zile zile. Kuchelewa kikaoni au kujibu kwa ukali hakumo.

"Hutakiwi kujibu lolote"

Anayeshtakiwa kwa mauaji husomewa shtaka kwanza katika mahakama ya chini, kisha hakimu humwambia asijibu kitu. Ndugu waliokuja na chakula kwenye hotipoti hushangaa: mbona hakuulizwa kama ni kweli au si kweli? Sababu ni kwamba mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Inasubiri upelelezi ukamilike ili shauri lihamie Mahakama Kuu. Mwendesha mashtaka anasimama: "Upelelezi haujakamilika." Tarehe nyingine inapangwa, kwa kawaida wiki mbili mbele, na karandinga linarudi lilikotoka. Sheria imeweka kikomo cha kuahirisha hivi, lakini makosa makubwa yanayokwenda Mahakama Kuu hayafungwi na kikomo hicho. Huko ndiko miezi inakogeuka miaka.

Makosa yasiyo na dhamana yamewahi kuanguka mahakamani

Mwaka 1991, katika kesi ya Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu kwamba kifungu kilichonyima dhamana kwa baadhi ya makosa ya kutumia nguvu, ukiwamo unyang'anyi, kilikiuka Katiba. Hata hivyo orodha ya makosa yasiyo na dhamana haikufutika: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha yamo. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliibatilisha orodha hiyo katika kesi ya Dickson Sanga, lakini miezi michache baadaye Mahakama ya Rufani ikairudisha.

Nguo zake, chakula chake, daktari wake

Kanuni za Nelson Mandela kuhusu kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 17 Desemba 2015, ni 122, na zina sehemu maalumu kwa mahabusu. Akae mbali na waliohukumiwa. Avae nguo zake zikiwa safi na zinafaa. Aweze kuletewa chakula kwa gharama yake. Asilazimishwe kufanya kazi, akifanya, alipwe. Atibiwe na daktari wake ikiwa kuna sababu ya msingi na anamudu gharama. Hata karandinga limetajwa: lisiwe na giza wala kukosa hewa, na wasafirishwao waonekane na watu kadiri ndogo iwezekanavyo.

Afrika haikusubiri mwaka 2015. Azimio la Kampala kuhusu hali ya magereza ni la 1996, la Arusha ni la 1999, na Miongozo ya Luanda kuhusu kukamatwa na kuwekwa rumande ilipitishwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2014.

Marekani nako wanapanga foleni

Huko kaunti nyingi zina jela zake, ambamo mahabusu hukaa, na aliyehukumiwa kifungo kirefu naye husubiri humo mpaka gereza la jimbo limpokee. Texas iliunda tume ya viwango vya jela za kaunti mwaka 1975, na sheria yake inalitaka jimbo limchukue mfungwa ndani ya siku 45 tangu karatasi zake zikamilike. California, baada ya Mahakama ya Juu mwaka 2011 kuamuru ipunguze msongamano magerezani, ilianza kuwaacha maelfu ya waliohukumiwa kwa makosa mepesi watumikie vifungo vyao katika jela za kaunti. Msongamano nao ukahama pamoja nao.

Mahabusu maarufu kuliko wote wa Rufiji

Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyetoa maji ya Vita vya Maji Maji, alikamatwa na Wajerumani Julai 1905 na kunyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905 kwa kosa la uhaini. Kati ya kukamatwa na kitanzi hazikupita wiki nyingi. Siku hizo haki ya kusikilizwa ilitegemea hasira ya bwana boma.

La kufanya likikufika

Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais Samia Suluhu Hassan ripoti yake Julai 2023, na ukamataji na msongamano wa mahabusu vilikuwa kati ya mambo iliyoyachunguza. Wakati mageuzi yakisubiriwa, ndugu yako akishikiliwa uliza mambo manne: kosa gani, saa ngapi aliingia, namba ya jalada, na lini anapelekwa mahakamani. Dhamana ya polisi ni bure, usitoe pesa. Kama huna wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao hailipiwi. Uliza kwa adabu, andika majibu, na usiondoke kituoni kabla hujayapata.