Hewa Isiyotikisa Hata Jani



Kila aliyepata kujenga sakafu ya kuanikia karafuu ameushika mfuko wa saruji, lakini si wengi waliojiuliza kwa nini mfuko ule ni wa karatasi, tena karatasi inayopitisha hewa. Kiwandani saruji husukumwa mfukoni kwa nguvu pamoja na hewa. Hewa ile isipopata pa kutokea, mfuko huvimba ukapasuka. Na karatasi ikiachia mno, vumbi la saruji hutoka nayo. Hapana budi mtengenezaji ajue karatasi yake yapitisha hewa kiasi gani.

Karatasi ngumu ya hudhurungi, ya mifuko na maboksi, hutengenezwa Mgololo, Wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa, kwa misonobari ya Sao Hill. Kiwanda kilijengwa na Serikali katika miaka ya 1980, na mwaka 2004 kikaingia mikononi mwa watu binafsi, kikaitwa Mufindi Paper Mills.

Kipimo cha zamani cha karatasi, kiitwacho Gurley, ni silinda inayoelea katika mafuta. Uzito wake husukuma sentimita za ujazo 100 za hewa zipite katika eneo la inchi moja ya mraba, na mpimaji huhesabu sekunde. Karatasi iliyobana sana yaweza kumweka hapo muda mrefu, akitazama silinda ambayo kwa macho utasema imesimama. Kipima upepo chenye vikombe, alichokibuni Robinson wa Ireland mwaka 1846, hakifai hapa hata kidogo, maana vikombe vingi havianzi kuzunguka mpaka upepo ukaribie nusu mita kwa sekunde.

Basi wataalamu wakaligeukia joto. Apulizaye uji alijua jambo hili zamani: hewa ikipita juu ya kitu cha moto huondoka na joto lake. Mwaka 1914 L. V. King alieleza kwa hesabu namna waya mwembamba wenye moto unavyopoa katika hewa inayokwenda. Leo kazi hiyo hufanywa na kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha. Katikati pana hita, na kila upande kipimajoto. Hewa ikitulia, pande mbili hupata joto sawa. Ikisogea japo kidogo, upande itokako hupoa na upande iendako huzidi joto. Tofauti hiyo hueleza kasi, na pia njia hewa inayoshika. Hata motokaa nyingi za petroli zina kipimo cha ukoo huu, kinachopima hewa iingiayo katika injini.

Lakini kuna kasoro moja. Kitu cha moto hujifanyia upepo wake, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Hewa inayopimwa ikiwa ya polepole mno, kipimo kilichowekwa vibaya hupima upepo wake chenyewe! Ndiyo maana huwekwa katika mfereji mwembamba, joto lake likapunguzwa, na kikatumiwa kwa mkao ule ule kiliosahihishiwa.

Hewa ya namna hii ndiyo iliyomo ghalani mwetu, baina ya magunia na ukuta. Uso hauihisi, na karafuu zilizofungwa kabla ya kukauka hupata moto ndani ya gunia, zikavunda, bei ikaanguka. Mwenye ghala hujibu ati dirisha lipo. Dirisha moja halitoshi. Hewa yataka pa kuingilia na pa kutokea.

Asiye na kipimo na achukue chetezo cha udi, akiweke chini penye pembe, afunge mlango. Moshi ulio juu ya chetezo asiutazame, maana huo wapanda kwa moto wake wenyewe, kama tulivyosema. Autazame umbali wa hatua mbili tatu, ulipokwisha poa: ukining'inia hapo hapo, hewa haiendi. Jambo hili lifanywe ghala likiwa tupu, kwani mnunuzi hataki karafuu inayonuka udi. Na magunia yatakapoingia, yapandishwe juu ya mbao na yaachiwe nafasi ya mkono mmoja kutoka ukutani.