Inanga, Nanga na Kinubi: Wiki Moja ya Muziki Kanombe

Kila mwaka, tunapofika kwenye mada ya tendi katika kozi ya fasihi simulizi, hutaja tendi za Wahaya wa Kagera kama vile Rukiza na Kachwenyanja. Huwaeleza wanafunzi kwamba Profesa M. M. Mulokozi alizichunguza tendi hizo katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwamba msanii wake huimba huku akijipigia nanga. Kisha tunaendelea na mada inayofuata. Mwaka jana mwanafunzi mmoja alitusimamisha hapo: "Samahani Mwalimu, hiyo nanga inaliaje?"

Swali hilo ndilo lililotupeleka Kigali. Walimu watatu na wanafunzi wanane tulitumia wiki moja ya kiangazi, mwezi Julai, kujifunza inanga ya Kinyarwanda, ambayo ni ndugu wa damu wa nanga ya Wahaya. Kulikuwa na sababu ya pili, nayo ilizua mabishano ofisini. Baadhi yetu walipendekeza kwamba katika maadhimisho ya Siku ya Kiswahili, tarehe 7 Julai ya mwakani, wanafunzi wapige inanga na kuimba tungo za Kiswahili zilizotungwa juu ya mahadhi ya Kinyarwanda. Wengine walipinga. Tulikubaliana kwamba tujifunze kwanza, tubishane baadaye. Makala haya yanaeleza tuliyoyapata, hasa yale yanayomhusu mwalimu wa lugha.

Kanombe ni sekta ya wilaya ya Kicukiro, mashariki mwa jiji. Wasafiri wanaijua kwa uwanja wa ndege wa kimataifa, wapenda sanaa kwa jumba la makumbusho ya sanaa lililo katika iliyokuwa ikulu ya Rais Habyarimana. Sisi tulikwenda huko kwa sababu ndiko aliko mzee aliyekubali kutufundisha. Uani kwake palikuwa na mikeka na mabenchi mawili, na ndege ilipopita juu alinyamazisha nyuzi kwa kiganja, akangoja, akaendelea pale pale alipoachia. Baada ya siku mbili nasi tulikuwa tukifanya hivyo bila kuambiwa. Mafunzo yalikwenda kwa Kiswahili na Kinyarwanda vilivyochanganywa. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, na Muzehe, kama tulivyomwita kwa desturi ya huko, anakijua kile cha sokoni na cha barabarani. Cha darasani alituachia sisi.

Tuanze na jina, maana ndilo lililotuchukua muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Inanga ni ubao mzito uliochongwa ukawa na shimo la kina kifupi, mfano wa sinia refu lenye kingo. Kamba moja ndefu hupitishwa kwenye pengo zilizokatwa katika ncha zote mbili, ikaenda na kurudi mpaka zikapatikana nyuzi kama 8 zilizolala sambamba juu ya shimo. Mpigaji huketi, huipakata, na kuzidonoa nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili. Sasa, kwa Kiswahili tuiite nini?

Tafsiri nyingi huandika "kinubi". Tunadhani chanzo chake ni Biblia: pale ambapo Biblia ya Kinyarwanda humpa Daudi inanga, ya Kiswahili humpa kinubi, na wafasiri wakaona jambo limekwisha. Lakini nyuzi za kinubi hutoka kwenye kisanduku cha sauti zikapaa hadi kwenye mti au fremu. Nyuzi za inanga zinalala juu ya mwili wa ala yenyewe kutoka ncha hadi ncha. Kwa umbo hilo inanga iko karibu zaidi na ganuni ya taarabu ya Unguja na Mombasa kuliko na kinubi. "Zeze" nalo halifai. Ukimwonyesha Mnyarwanda zeze la uzi mmoja linalopigwa kwa upinde, atakwambia hiyo ni iningiri.

Inabaki "nanga", neno alilolitumia Mulokozi. Ukiondoa irabu ya mwanzo katika inanga ya Kinyarwanda, au enanga ya Kihaya na Kiganda, unabaki na shina hilo hilo. Kikwazo ni kwamba Kiswahili tayari kina nanga ya kutia baharini, ambayo wanaleksikografia huihusisha na Kiajemi, wala haina undugu wowote na ala hii. Mwanafunzi wa Lamu akisoma kwamba msanii "alishika nanga" atamwona nahodha. Kwa hiyo sisi tumeamua kuandika "inanga" tunapozungumzia ya Rwanda na Burundi, na "nanga ya Wahaya" kwa ukamilifu wake tunapozungumzia ya Kagera. Upatanisho wa kisarufi hauna taabu: inanga hii, inanga hizi, kama nyumba.

Kitenzi kilitupa somo jingine. Sisi hupiga kila kitu: ngoma, gitaa, zumari, kinanda, hata simu. Kinyarwanda hakikubali hivyo. Ala ya nyuzi ina kitenzi chake, gucuranga, na mpigaji wake ni umucuranzi. Ngoma na filimbi huenda na kuvuza. Mwanafunzi aliyetafsiri "kupiga" kwa neno la Kinyarwanda la kupiga mtu alisababisha kicheko ambacho Muzehe hakukificha. Hata hivyo Kiswahili si maskini hapa. Tunalo "kucharaza", ambalo ni la nyuzi hasa, na tumelisahau kiasi kwamba wanafunzi wanalijua kwa maana ya bakora tu. Tulilitumia wiki nzima na lilikaa vizuri.

Namna ya kufundisha haikuwa na maandishi hata kidogo. Hakuna nota, hakuna ubao wa chaki. Muzehe alicharaza kifungu kifupi, akakirudia mara nyingi, nasi tukafuata kila mmoja kwa zamu, kwa kuwa inanga zilikuwa mbili tu. Waliokuwa wakingoja zamu walitakiwa kuimba kifungu hicho hicho kwa sauti ya chini, na nusu ya mafunzo yalifanyika hapo, kwenye kungoja. Aliyejaribu kuandika namba za nyuzi kwenye daftari aliambiwa kwa upole aliweke daftari chini. Siku ya tatu vidole vya karibu wote vilikuwa vinauma, na ndipo vifungu vilipoanza kutoka vyenyewe.

Utaratibu huu hauko Rwanda peke yake. Huko Ireland, katika mji mdogo wa Miltown Malbay, kaunti ya Clare, kuna wiki ya mafunzo ya muziki wa jadi inayofanyika kila Julai tangu mwaka 1973, kwa kumbukumbu ya Willie Clancy, mpiga zumari la viriba aliyefariki mwaka huo. Nako pia asubuhi hutumika kwa madarasa, na nyimbo nyingi hupokewa kwa sikio. Kwa wapigaji wa huko kuna usemi kuhusu nyimbo za mwendo wa polepole: usiupige wimbo kwa ala kabla hujayajua maneno yake. Mahali pa kuvuta na mahali pa kukata panatoka kwenye maneno ya Kiayalandi. Tulidhani huo ni ushauri wa adabu tu mpaka tulipofika siku ya nne.

Siku hiyo Muzehe alituruhusu kuimba. Kinyarwanda ni lugha yenye toni, na pia irabu zake huwa fupi au ndefu, na mambo yote mawili hubadilisha maana. Wataalamu wa Kinyarwanda huyaita ubutinde n'amasaku, yaani urefu wa irabu na toni, lakini maandishi ya kawaida hayaonyeshi lolote kati ya hayo. Neno inda likitamkwa kwa toni moja ni tumbo, kwa nyingine ni chawa. Kutembelea watu ni gusura, irabu ya kati ikivutwa. Mgeni akiifupisha, anasema jambo ambalo halisemwi mbele ya wakwe. (Wasomaji wenye rafiki Mnyarwanda wamwulize.) Mahadhi ya inanga, basi, hayawezi kwenda popote yapendapo. Sauti inapopanda na kushuka inayachunga maneno, na vidole vinaichunga sauti.

Burundi wameufikisha uhusiano huu mbali zaidi. Kuna mtindo ambao msanii haimbi bali ananong'ona, na msikilizaji huapa kwamba amesikia mnong'ono ukipanda na kushuka kama wimbo. Mnong'ono hauwezi kufanya hivyo, kwa kuwa nyuzi za koo hazitetemi. Cornelia Fales, katika makala yake ya mwaka 2002 katika jarida la Ethnomusicology, alieleza kwamba sikio ndilo linalounganisha: linachukua maneno kutoka kwenye mnong'ono na sauti ya juu na chini kutoka kwenye nyuzi, likavifanya kitu kimoja. Mtu anayefundisha fonetiki hahitaji mfano bora kuliko huu kuwaonyesha wanafunzi kwamba kusikia ni kazi, na kwamba akili huongeza kile ambacho mdomo haukutoa.

Turudi kwenye mabishano yetu. Jioni ya siku ya tano tulifanya jaribio. Mwanafunzi mmoja hodari wa tungo alitunga beti mbili za utenzi, mizani 8 kila mshororo, tukaziweka juu ya kifungu tulichokwisha kukizoea. Kwa hesabu, zilitosha. Kwa sikio, hazikukaa. Sababu yake inaeleweka ukiitazama mizani yenyewe. Sisi tunahesabu silabi, na silabi zote zina uzito sawa. Tungo za jadi za Kinyarwanda hupimwa kwa namna ambayo irabu ndefu huhesabiwa mara mbili ya fupi. Kifungu kile kilikuwa na mivuto mahali ambapo Kinyarwanda kilikuwa na irabu ndefu. Kiswahili kilipoingizwa, mvuto ukaangukia silabi yoyote iliyopita hapo. Neno "barabara" la mtunzi wetu, lililokuwa na maana ya njia, lilivutwa kwenye silabi ya pili likageuka kuwa "barabara" ya sawasawa. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho na hautaki kuhamishwa, hata kama lugha yetu haina toni.

Waliounga mkono pendekezo walijibu kwamba taarabu nayo ilipokea mahadhi ya Misri na India, Kiswahili kikakaa humo kwa raha. Ni kweli, ila taarabu ilifanyiwa kazi na vizazi vya watunzi ambao walibadilisha mahadhi mpaka yakawa yetu. Wiki moja haitoshi, na miezi michache kabla ya Julai ya mwakani haitoshi. Kuna jambo jingine lililotuelemea zaidi. Mwaka 2021 Rwanda ilikabidhiwa na Jumba la Makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, nakala za kidijitali za nyimbo zake za jadi zaidi ya 4,000. Sauti zimerudi. Mikono ndiyo inayohitajika sasa, na mikono hiyo hufundishwa mtu kwa mtu, kama Sophie Nzayisenga, mcharaza inanga mashuhuri, alivyofundishwa tangu utotoni na baba yake Kirusu. Sisi wageni tukija na tungo zetu kabla hatujaweza kuimba hata wimbo mmoja wao kwa toni sahihi, tutakuwa tumechukua ubao na nyuzi tukaacha inanga.

Uamuzi wa walio wengi, na waandishi wa makala haya tumo, ni kwamba kwenye maadhimisho wanafunzi wataimba wimbo mmoja kwa Kinyarwanda, ule ule tuliofundishwa, na mtambaji atautangulia kwa Kiswahili akieleza maana, ala na namna ya kuicharaza. Wawili kati yetu bado hawajakubali na wameahidi kutujibu katika toleo lijalo. Tunawangoja.

Inanga tuliyoinunua kwa Muzehe iko ofisini kwa idara, juu ya kabati la majarida. Uzi wa tatu umelegea safarini na unahitaji kukazwa. Vipindi vya kujifunza ni Jumatano baada ya saa kumi jioni, watu wanne kwa mara moja, bila daftari.