Mtoto wa Nyoka Ndani ya Nyumba: Chakula Chake na Matandiko Yake



Wahenga wetu walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na mzazi wa Pwani akimwona nyoka uani hangoji darsa, huita fimbo. Lakini jamaa zetu wengi leo wanaishi Uingereza na Marekani, na huko nyoka huuzwa dukani kama sungura. Tumeletewa swali na mama aliyeko Uingereza: kijana wake wa miaka 13 amepewa zawadi ya nyoka mdogo, wa aina iitwayo nyoka wa mahindi. Nyumbani mna mtoto mwingine anayetambaa. Mama anaogopa, hajui amlishe nini wala amlaze juu ya nini, na moyo unamwambia amtupe nje. Afanye nini?

Kauli ya wanazuoni

Tuanze na hukumu. Nyoka ametajwa katika hadithi miongoni mwa wanyama wadhurifu wanaoruhusiwa kuuawa, na kwa hiyo wako wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii waliokataza kumfuga. Mnyama wa namna hii asiyekuwa na manufaa, hata kumuuza na kumnunua hakusihi kwao. Nasaha yetu basi ni kuwa mama asimweke nyumbani mwake, bali atafute jumuiya ya kuokoa wanyama au mtu mwenye ujuzi amkabidhi.

Hata hivyo, kumkabidhi huenda kukachukua wiki kadhaa, na katika wiki hizo nyoka yumo ndani ya sanduku la kioo, hawezi kutoka kujitafutia riziki. Hapa ndipo penye hatari ya dhambi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitueleza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia: hakumlisha, wala hakumwacha ajilie wadudu wa ardhini. Anayeruhusiwa kuuawa hakuruhusiwa kuteswa. Maadamu kafungiwa kwetu, chakula chake kiko shingoni mwetu.

Na kumtupa nje si njia. Nyoka wa mahindi asili yake ni kusini mashariki mwa Marekani. Baridi ya Uingereza humuua. Isitoshe, sheria ya huko ya mwaka 1981 inakataza kuachia porini mnyama asiye wa nchi ile.

Chakula chake

Nyoka huyu hana sumu. Akianguliwa huwa na urefu wa sentimita 20 hadi 30, na akikua hupita mita moja. Hanywi maziwa, japo hadithi za vibarazani zasema hivyo. Hunywa maji safi, nayo yawe katika bakuli zito asilopindua. Chakula chake ni mnyama mzima, mifupa na matumbo pamoja, kwani humo ndimo apatamo chokaa ya kujenga mifupa yake. Vipande vya nyama ya kuku havimfai.

Kwa nyoka mchanga huyu, hutosha kitoto kimoja cha panya kisichoota manyoya, kila baada ya siku 5 hadi 7. Kipimo ni hiki: unene wa chakula usizidi unene wa mwili wa nyoka mahali palipo pana zaidi. Akikua, panya huongezwa ukubwa na siku huongezwa baina ya mlo na mlo.

Apewe panya aliyekwisha kufa, wale wauzwao wakiwa wameganda. Panya hai humng'ata na kumjeruhi nyoka, na kumfungia kiumbe hai pamoja na adui yake ni mateso yasiyo na haja. Asipewe panya aliyenaswa nyumbani, kwani huenda amekula sumu au ana minyoo. Panya aliyeganda ayeyushwe ndani ya mfuko uliozamishwa katika maji ya vuguvugu hadi alainike mpaka ndani, wala asitiwe katika maikrowevu. Atolewe kwa koleo ndefu, si kwa vidole, maana nyoka mwenye njaa hapambanui baina ya panya na kidole.

Akishameza, asiguswe kwa siku mbili. Akisumbuliwa hutapika, na kutapika humdhoofisha sana. Pia ahitaji joto ili asage chakula: upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi 28 hadi 30, na upande wa pili uwe wa baridi kiasi, apate kuchagua. Macho yake yakigeuka rangi ya maziwa yenye ubuluu, yu karibu kujivua ngozi. Akikataa kula wakati huo, asilazimishwe.

Matandiko yake

Kwa nyoka mchanga, karatasi za jikoni zatosha. Ni rahisi kuzibadili, na uchafu huonekana mara moja. Mwenye kutaka zaidi atandaze maranda ya mti wa aspeni, kina cha sentimita 5 au zaidi, kwani nyoka huyu hupenda kujichimbia, na amwekee maficho mawili. Maranda ya mwerezi na ya msonobari yaepukwe. Harufu ile tuionayo nzuri hutokana na mafuta yanayodhuru pumzi yake. Mchanga na kokoto pia haufai, kwa kuwa akivimeza pamoja na chakula huweza kuziba matumbo. Ndiyo maana hata juu ya maranda, chakula huwekwa juu ya kigae au kisahani.

Usafi na twahara

Nyoka hubeba vijidudu vya salmonela bila yeye kuugua, na panya walioganda nao wamewahi kuambukiza watu maradhi hayo. Kwa hiyo mtoto aliye chini ya miaka 5, mja mzito na mzee dhaifu wasimguse nyoka wala vyombo vyake. Kwetu sisi liko na jambo la pili: panya yule ni mzoga, na mzoga ni najisi. Kumlisha mnyama mzoga kumeruhusiwa, lakini kuununua kila wiki ni tatizo jingine katika madhehebu yetu, na ni sababu nyingine ya kuharakisha kumkabidhi. Asiyeyushwe jikoni, bakuli lake lisichanganywe na vyombo vya kulia, na mikono ioshwe kwa sabuni kila mara. Mfuniko wa sanduku ufungwe imara, kwani kinyoka hupenya tundu dogo mno.

Kwa walioko nyumbani Kenya, maneno haya yasiwe ruhusa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga nyoka bila kibali, na watoto wetu wasijaribu kumshika kifutu au swila kwa kuwa wamesikia nyoka wa ng'ambo hana sumu.

Na wazazi mlioko ughaibuni, jueni kuwa nyoka wa mahindi aweza kuishi miaka 15 hadi 20. Kijana atakwenda chuo, ataoa, na sanduku litabaki kwa mama. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2006 inakataza kumuuzia mnyama mtoto wa chini ya miaka 16, na humhesabu mzazi kuwa ndiye mwenye dhima. Kijana asikaripiwe, huruma yake kwa kiumbe ni jambo jema. Akae na mama yake, amlishe nyoka kwa wakati, ambadilishie matandiko, kisha wamkabidhi pamoja kwa mwenye kumweza. Atakuwa amejifunza kuwa amana hutunzwa hadi siku ya kuirudisha.

Wabillahi tawfiq.