Moshi wa Matatu na Haki ya Mtembea kwa Miguu Jijini Nairobi

Wahenga walisema kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika barabara za Nairobi, magari hung'ang'ania nafasi ilhali wanaouvuta moshi wake ni mtembea kwa miguu, mchuuzi wa kando ya barabara na utingo anayening'inia mlangoni. Aghalabu hao ndio wasiomiliki gari lolote.

Ni muhali kuutibu uchafuzi huu bila kuzifahamu sababu zake. Kwa miaka mingi petroli ilitiwa madini ya risasi ili injini ifanye kazi vyema, na sumu hiyo ikadhuru akili za watoto. Kufikia mwaka wa 2006, Kenya ilikuwa imeacha kuitumia. Hatua ya pili ilichukuliwa mwaka wa 2015, ambapo nchi za Afrika Mashariki zilianza kuagiza dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa kila milioni. Salfa inapozidi, masizi huongezeka, na vichujio vilivyokusudiwa kuyanasa huharibika. Hata hivyo, mafuta safi hayafui dafu mbele ya injini kuukuu isiyokarabatiwa.

Hatua ya tatu ni umeme. Tangu mwaka wa 2022, mabasi ya umeme yamekuwa yakibeba abiria jijini Nairobi. Faida yake ni maradufu nchini Kenya, kwani sehemu kubwa ya umeme hutokana na mvuke wa ardhini huko Olkaria, maji na upepo. Kikwazo kikuu ni bei ya kulinunua basi lenyewe.

Lakini basi la umeme lililokwama katika msongamano halimfikishi abiria mapema. Hapa ndipo suala la nafasi linapoibuka. Jiji la Dar es Salaam lilianzisha mabasi yaendayo haraka mwaka wa 2016, yakiwa na njia yake maalumu ya takriban kilomita 21. Nairobi, kwa upande wake, ilifungua barabara ya juu ya kulipia mwaka wa 2022, ambayo mtembea kwa miguu haruhusiwi kuikanyaga.

Njia ya miguu yenye kivuli, isiyoegeshwa magari wala kuvamiwa na pikipiki, ni sehemu ya usafiri safi sawa na basi la umeme. Isitoshe, anayeipita hatoi moshi wala hahitaji mafuta. Nyasi zikitengewa nafasi yake, fahali hawatakuwa na budi kupishana.