Je, Wajua? Baa Iliyo Juu Kuliko Zote Uingereza
Tan Hill Inn, nyumba ya wageni huko Yorkshire, iko mita 528 juu ya usawa wa bahari. Njia ya miguu ya Pennine Way, iliyofunguliwa mwaka 1965, inapita mlangoni pake. Mtembeaji hufika buti zimejaa matope, akaota moto, kisha akala chakula cha moto. Chakula kimojawapo cha huko ni Yorkshire pudding. Jina lisikudanganye: si kitindamlo, bali ni mchanganyiko wa unga, mayai na maziwa, unaookwa hadi ukaumuka, ukaliwa kwa mchuzi wa nyama.

Novemba 2021, theluji ya dhoruba Arwen iliziba barabara. Wageni wapatao 60, pamoja na bendi iliyokuja kutumbuiza, walikwama katika baa hiyo siku tatu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pale angepewa koleo la theluji!