Mwembe wako hauumwi na mabaka

Mvua za kwanza zikianguka hapa Rohero, Bujumbura, swali ni lile lile: "Mwalimu, mwembe wangu umeshikwa na mabaka, niupake dawa gani?" Usiupake kitu. Mabaka hayo ya kijivu ni likeni, na likeni haiui mwembe.

"Inaufyonza," naambiwa. Kwa mdomo gani? Likeni ni kuvu iliyofuga mwani, na mwani huo ndio unaoilisha kwa kutengeneza sukari kutokana na mwanga. Gome ni mahali pa kukaa tu. Likeni huota hata juu ya ukuta wa mawe; ukuta nao unafyonzwa nini?

"Mbona mwembe wenye mabaka mengi ndio unaokauka?" Hapo mmeanza na mkia. Mti uliodhoofika hupukutisha majani, mwanga ukashuka hadi kwenye shina, mwani ukashiba. Tena gome la mti uliodumaa halibanduki upesi. Likeni imeufuata udhoofu, haikuuleta.

Wala mvua haikuileta. Kiangazi chote ilikuwa pale, imekauka, usanisinuru, yaani kule kutengeneza sukari, umesimama, mwani ukiutoa mwanga wa ziada kama joto ili usiunguzwe. Dondoshea baka kavu maji: ngozi ya kuvu inapitisha mwanga, ukijani unajitokeza, na baada ya dakika chache kazi imeanza tena.

Ukame haiuogopi sana. Kinachoitesa ni usiku wa joto ikiwa imelowa: inapumua hadi kuchoma sehemu kubwa ya sukari ya mchana. Ndiyo maana hapa Bujumbura inatambaa tu kwenye gome, na kule msitu wa Kibira, kwenye baridi, inaning'inia matawini. Moshi nao huimaliza: salfa dioksidi huharibu klorofili ya mwani. Mtaalamu wa likeni William Nylander aliona tangu 1866 kwamba Paris ilikuwa ikipoteza likeni zake.

Halafu mtu anakuja na oili chafu ya gereji, mwingine na chumvi, mwingine na panga! Oili huziba vitundu vya hewa vya gome. Chumvi hushukia mizizi. Panga hufungua kidonda, na hapo ndipo ugonjwa wa kweli unapoingia.

Mwembe ukidhoofika kweli, tazama chini: bomoa saruji iliyokaba shina, weka samadi mbali kidogo na shina, mwagilia kiangazi, kata matawi makavu. Majani yakiwa na masizi meusi, tafuta wadudu wanaofyonza utomvu. Hao ndio wanaofyonza. Kama ni urembo tu, sugua kwa brashi laini gome likiwa limelowa. Likeni itaota tena.